Negroni ya Nyumbani Kahama na Geita: Tunza Vermuti na Barafu Kwanza

Wanaotaka kujifunza kutengeneza Negroni nyumbani karibu wote huanza na swali la Campari: inauzwa wapi, bei gani, na je, hakuna nyekundu nyingine ya kushika nafasi yake? Nawaelewa, maana chupa ile ndiyo inayong'aa kwenye shelfu na ndiyo inayouma mfukoni. Lakini Campari ni kitu ambacho si rahisi wewe kukiharibu. Imetoka kiwandani imekamilika, ina kilevi na sukari ya kutosha, na hata ikikaa kabatini miezi mingi baada ya kufunguliwa haigeuki. Negroni za kwetu zinaharibikia kwingine. Zinaharibikia kwenye vermuti iliyofunguliwa sikukuu ya Krismasi ikasahaulika juu ya kabati chini ya bati mpaka Pasaka, na zinaharibikia kwenye barafu. Vitu hivyo viwili ndivyo vya bei nafuu na ndivyo visivyopewa heshima, kwa hiyo ndivyo nitakavyovizungumzia zaidi.

Kinywaji chenyewe ni vipimo 3 vilivyo sawa: jini, Campari, na vermuti nyekundu tamu. Unavimimina juu ya barafu kwenye glasi fupi, unakoroga, unakata kipande cha ganda la chungwa, basi. Hakitikiswi, hakitiwi juisi wala asali. Uchungu unatangulia, utamu unafuata, halafu uchungu unarudi na kukaa ulimini. Waitaliano hukinywa kabla ya chakula cha jioni ili kuamsha hamu ya kula. Glasi 1, pengine 2, halafu watu wanahamia mezani. Ukikichukulia kama bia ya kushindia kaunta hadi usiku wa manane utakuwa umekosea kinywaji.

Historia yake ni fupi na inasaidia kuelewa jinsi ya kukichanganya. Vermuti ya kisasa inahusishwa na Antonio Benedetto Carpano wa Turin, mwaka 1786. Campari ilibuniwa na Gaspare Campari mwaka 1860 huko Novara, na biashara yake ikakulia Milan. Watu wakazichanganya hizo mbili, wakaita mchanganyiko huo Milano-Torino, na walipoongeza maji ya soda na barafu ukawa Americano. Inasimuliwa kuwa mwaka 1919, katika mkahawa wa Caffè Casoni mjini Florence, bwana mmoja aliyeitwa Camillo Negroni alimwomba mhudumu wa kaunta, Fosco Scarselli, aondoe maji ya soda kwenye Americano yake na kutia jini. Kwa hiyo Negroni ni Americano iliyokazwa. Ukijua hilo, unajua pia kwamba ukiona Negroni imekuwa kali mno kwa joto la Shinyanga la mwezi wa Oktoba, njia ya kurudi nyuma ipo tayari: toa jini, rudisha maji ya soda.

Tuanze na ununuzi. Campari na vermuti hazipatikani kila grosari. Kahama na Geita mjini kuna maduka ya vinywaji yanayozileta, hasa kwa ajili ya hoteli na wageni wa migodini, lakini ukikosa, Mwanza utapata. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita anakwenda Mwanza na kurudi bila kupanga foleni ya feri. Kwenye chupa ya vermuti tafuta maandishi Vermouth Rosso. Nyekundu ndiyo tamu. Ile nyeupe iliyoandikwa Dry au Extra Dry ni kinywaji kingine, na ukiiweka kwenye Negroni utapata kitu chembamba na kikavu, nawe utailaumu bure Campari.

Usinunue chupa yoyote ya kileo bila kuangalia stempu. Tangu mwaka 2019 TRA ilipoanza kutumia stempu za kodi za kielektroniki, mnunuzi anaweza kuikagua stempu mwenyewe kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Inachukua dakika 1. Muuzaji mwaminifu hatanuna ukifanya hivyo mbele yake. Halafu angalia chupa imekaa wapi. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja mwenye duka, "Shikamoo mzee, hii vermuti imekaa hapa tangu lini?" Akaitikia, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaniambia bila kuficha, "Hiyo mwanangu, tangu tuhamie kwenye hili jengo." Ilikuwa dirishani, lebo imepauka upande mmoja kwa jua. Nilichukua iliyokuwa nyuma, gizani. Chupa ambayo haijafunguliwa ni mvumilivu, ila jua la dirishani ni adui hata kwake.

Jini ni suala rahisi kuliko watu wanavyodhani. K-Vant ya Arusha inafanya kazi vizuri. Gilbey's pia. Aliye na ndugu anayesafiri Kampala anaweza kuagiza Uganda Waragi, ambayo imekuwa ikitengenezwa kiwandani tangu 1965. Konyagi je? Konyagi ni pombe kali ya Tanzania Distilleries yenye kilevi cha asilimia 35, na wengi huihesabu kuwa jini, ingawa ile harufu ya tunda la mreteni inayoitambulisha jini ni hafifu sana ndani yake. Negroni ya Konyagi inanyweka, tena vizuri, kwa sababu Campari na vermuti zina maneno mengi na hazihitaji mtu wa tatu wa kupiga kelele. Ila kwa kuwa kilevi chake kiko chini ya jini ya asilimia 40, mpe kipimo kinene kidogo: mililita 35 dhidi ya 30 za wenzake. Bila hivyo utamu unapanda juu. Mreteni ni ndugu wa mwangati, mti unaoota kwenye milima yetu ya kaskazini. Nimekutana na watu wanaotaka kuchuma matunda ya mwangati wayaloweke kwenye Konyagi. Waache. Undugu wa miti si kibali cha kunywa.

Na hapa niseme la gongo mara moja, nisirudie. Gongo haiingii kwenye kokteli. Kuitengeneza ni kosa kisheria, na zaidi ya sheria kuna methanoli, ambayo huionji, huinusi, na haichujwi kwa kitambaa wala kuondolewa na ganda la ndimu. Mei 2014 wenzetu wa Kenya walizika makumi ya watu, na wengine wakabaki vipofu, kwa sababu ya pombe iliyokuwa na methanoli. Uchungu wa Campari ni mkali kiasi cha kufunika ladha ya kitu kibovu, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu zaidi na unachokiweka chini yake.

Sasa gharama. Chupa ya mililita 750 inatoa vipimo 25 vya mililita 30. Jumlisha bei za chupa zako 3, gawanya kwa 25, ongeza bei ya chungwa, na una bei ya glasi moja. Fanya hesabu hiyo kabla hujalalamika kwamba Campari ni ghali, kisha linganisha na wanachotoza kwenye kaunta ya hoteli.

Kuhusu kipimo, usihangaike kutafuta vyombo vya chuma vya wahudumu wa baa. Toti yoyote itafaa. Uzuri wa kinywaji chenye sehemu sawa ni kwamba chombo hakina neno mradi kiwe kilekile kwa chupa zote: kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, ukikijaza mara 2 kwa kila chupa kama ni cha mililita 15, kimekamilisha kazi. Kinachoharibu ni kumimina kwa macho. Mkono wa mwenyeji mkarimu unaielemea jini siku zote.

Nimesema Negroni zinaharibikia kwenye vermuti, sasa nieleze kwa nini. Vermuti ni mvinyo ulioongezwa pombe kali kidogo, sukari, na mimea yenye harufu na uchungu. Kwa sheria za Ulaya angalau asilimia 75 yake lazima iwe mvinyo. Ni mvinyo, basi, na mvinyo ukishaonja hewa unaanza kufa. Pombe iliyoongezwa inachelewesha kifo, haikizuii. Chupa iliyofunguliwa ikikaa kwenye friji, kizibo kimekazwa, inabaki nzuri kwa mwezi mmoja, hata miwili. Ikikaa juu ya kabati kwenye nyumba ya bati ya Kahama, ambako saa 9 alasiri ndani kunafukuta, wiki chache zinatosha. Utaijua kwa pua: harufu ya matunda na viungo inaondoka, inabaki ile ya zabibu kavu zilizosahaulika, na mwisho siki. Ukifika hapo, itie kwenye mchuzi wa nyama.

Kama hunywi mara kwa mara, nunua chupa ndogo. Zikikosekana, siku unayofungua chupa kubwa mimina nusu yake kwenye chupa safi ya glasi, ijae mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa, ifunge uiweke ndani kabisa ya friji. Ile nusu nyingine ndiyo utakayoanza nayo. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta ubandike. Umeme ukikatika usiku mzima vermuti haidhuriki, iache humo humo ndani na usifungue mlango ovyo.

Lakini pia unaweza kutengeneza ya kwako, na hapa Tanzania tuna bahati, kwa sababu mvinyo tunao. Zabibu za Dodoma zilistawishwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, na leo Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wake mwekundu unapanda na malori kupitia Singida, Igunga na Nzega, ukifika Tinde unagawanyika, huku Kahama, huku Shinyanga. Kuna maelewano mazuri katika kuurudisha mvinyo wa mkono wa Kiitaliano kwenye kokteli ya Kiitaliano, ila mimi nauchagua kwa sababu moja tu: ni mpya, haujasafiri mbali.

Chukua mililita 600 za mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma. Pembeni, kwenye chupa ya glasi yenye mdomo mpana, mimina mililita 150 za Konyagi. Ndani yake weka kijiti 1 cha mdalasini, punje 4 za karafuu, iliki 3 zilizopasuliwa, kipande chembamba cha tangawizi, ganda la chungwa 1 lililomenywa bila ile nyama nyeupe, na robo ya ganda la balungi, hili likiwa na nyama yake nyeupe kabisa, maana humo ndimo uchungu ulimo. Kama una mtu anayetoka Tanga au Zanzibar, mwambie akuletee danzi. Ganda la danzi lina uchungu na harufu ambayo chungwa la kawaida halina, na ukilipata unaweza kuliacha balungi. Karafuu usizidishe. Punje ya 5 na ya 6 zinageuza vermuti kuwa dawa ya jino. Funga, tikisa, acha saa 24 mahali penye giza, kisha chuja kwa kitambaa safi.

Kesho yake chukua gramu 120 za sukari, kama vijiko 10 vya chakula vilivyosawazishwa. Weka kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo. Usikoroge mwanzoni, zungusha sufuria tu. Itayeyuka pembezoni, itakuwa ya dhahabu, halafu rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hapo ipua mara moja, maana kutoka rangi hiyo hadi kuungua ni suala la kupepesa macho. Mimina mvinyo kama mililita 100 taratibu, uso wako ukiwa mbali, kwa sababu itaruka na kufoka. Sukari itaganda kama jiwe. Usishtuke, irudishe kwenye moto mdogo ikoroge mpaka iyeyuke yote. Iache ipoe kabisa, ndipo uichanganye na mvinyo uliobaki na ile Konyagi iliyochujwa. Konyagi isikaribie jiko la mkaa wakati wowote, mvuke wake unashika moto.

Hesabu yake iko hivi. Mvinyo wa asilimia 12 unachangia mililita 72 za kilevi halisi, Konyagi inachangia 52 na nusu, na ukijumlisha nafasi inayochukuliwa na sukari unapata kama mililita 820 zenye kilevi cha asilimia 15 hivi. Hapo umeingia kwenye kiwango cha vermuti za dukani. Kama mvinyo ulioupata ni ule mtamu wa Dodoma, anza na gramu 50 za sukari, onja, ongeza ukiona haja. Ilaze kwenye friji siku 2 au 3 kabla ya kuitumia, maana ikiwa mpya viungo vinagombana. Itumie ndani ya mwezi.

Msomaji anayejua atauliza: na pakanga? Ni kweli, pakanga ya Ulaya ndiyo uchungu wa asili wa vermuti. Nimeiacha kwa makusudi. Mimea inayoitwa pakanga huku kwetu ni zaidi ya mmoja, na ile artemisia inayolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria si mmea uleule wanaoutumia Waitaliano. Hali kadhalika sishauri mtu aloweke mwarobaini, mshubiri, wala gome la mkwinini. Nguvu ya gome hilo si ya mchezo, viwanda vinatoa kwinini ya dawa humo, na kijiko kimoja nyumbani hakina kipimo. Uchungu wa maganda ya machungwa unatosha. Na hata balungi lenyewe lina neno lake: linagongana na baadhi ya dawa, zikiwemo za shinikizo la damu na za kushusha lehemu. Aliye kwenye dawa za kudumu amuulize mfamasia kwanza, swali ambalo hata hivyo alipaswa kumuuliza kuhusu pombe yenyewe.

Kuna angalizo jingine ambalo mwandishi wa Milan hawezi kuliandika. Sisi tunaishi jirani na makarasha na plenti za kuchenjulia dhahabu. Madumu na chupa tupu zinazunguka masokoni Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa, na nyingine zilishawahi kubeba tindikali au kukaa karibu na zebaki. Chupa ya kulowekea viungo iwe ya glasi na uijue ilikotoka: ya asali, ya jamu, ya siagi ya karanga. Na yule mwenye rafiki anayenunua dhahabu, anayetamani kuazima mzani wake unaopima hadi sehemu ya 100 ya gramu ili apime karafuu, asiulete jikoni. Mzani uliokaa kwenye chumba kinachochomewa zebaki ubaki hukohuko. Karafuu zinahesabika kwa vidole.

Barafu. Wengi wanadhani kazi yake ni kupoza, kwa hiyo wanatia kidogo ili kinywaji "kisiwe maji". Ni kinyume. Barafu ikiwa kidogo na vipande vikiwa vidogo, inayeyuka haraka na kukimaliza kinywaji. Ikiwa nyingi na kubwa, inapoza upesi na kuyeyuka polepole. Na kiasi fulani cha maji kinatakiwa kabisa: Negroni isiyo na tone la maji ni kali na inanata. Kukoroga vizuri kunaongeza maji kama robo ya ujazo, na hapo ndipo ladha zinafunguka.

Maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama mengi yanatoka Ziwa Victoria, yanavutwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA kutoka Ihelele na kutiwa dawa njiani. Ni maji mazuri, lakini klorini unaweza kuionja kwenye barafu hata kama hukuionja kwenye glasi ya maji. Yachemshe, yaache yapoe bila kifuniko cha kubana, kisha yagandishe kwenye bakuli la plastiki la lita 1 badala ya vile vitrei vya vijumba vidogo. Likiganda, liache nje dakika 10, ligeuze juu ya taulo safi, ulipasue kwa mgongo wa kisu kizito. Vipande vikubwa kama nusu ya ngumi ndivyo unavyotaka. Friza iwe safi, maana barafu inavuta harufu, na nani asiyejua friza zetu? Sato na dagaa wanakaa ndani. Funika bakuli. Barafu za kununua mitaani, na hasa zile za samaki zinazouzwa mialoni kama Nkome, si za glasi.

Chungwa la Muheza, hata likiiva, ganda lake ni la kijani. Lisikuzuie. Mafuta yaliyomo kwenye ganda ndiyo tunayoyataka, na hayajali rangi. Osha chungwa kwa maji ya vuguvugu, likaushe, menya kwa kisu chenye makali kipande cha urefu wa kidole na upana wa vidole 2, chembamba, nyama nyeupe iwe kidogo kadiri inavyowezekana. Kishike juu ya glasi upande wa nje ukitazama kinywaji, kibane kwa vidole. Ukiangalia dhidi ya mwanga wa taa utaona mvua ndogo ya mafuta ikiruka na kutua juu ya kinywaji. Pitisha ganda kwenye ukingo wa glasi, kisha litumbukize ndani. Vipande vya chungwa lenye juisi naviona vizuri kwa picha tu. Juisi inalegeza kinywaji.

Kuchanganya kwenyewe sasa ni sekunde. Glasi fupi nene iliyokaa friza robo saa. Ijaze barafu hadi juu. Mililita 30 za jini, 30 za Campari, 30 za vermuti. Koroga kwa kijiko chenye mpini mrefu, mgongo wa kijiko ukifuata ukuta wa glasi, kama sekunde 30, mpaka glasi ianze kutoka jasho nje. Ganda la chungwa. Onja. Ukiona uchungu umekuzidi, glasi ijayo punguza Campari iwe mililita 20 na uongeze vermuti, ulimi utazoea. Ukiona utamu umezidi, ongeza jini mililita 10. Wenyewe Waitaliano hawatakuja kukupima.

Ukiwa na wageni 6 au 8, usisimame kaunta jioni nzima. Asubuhi, kwenye chupa safi ya mililita 750, changanya mililita 220 za kila kimoja, ongeza mililita 90 za maji ya kunywa, weka kwenye friji. Jioni unamimina juu ya kipande 1 kikubwa cha barafu, ambacho sasa kina kazi ya kutunza ubaridi tu. Chupa hiyo inawatosha watu 7 au 8. Njia hii inaokoa pia siku ambayo umeme umekatika adhuhuri.

Cha kula pembeni tunacho kuliko Waitaliano. Dengu za Shinyanga zilizolowekwa usiku, zikakaushwa na kukaangwa na chumvi na pilipili, zinakaa na uchungu huu kuliko zeituni. Karanga zilizokaangwa kwenye mchanga nazo. Dagaa wakavu waliokaangwa wakakauka kabisa, na ndimu juu, ni bora kuliko vyote, ingawa kuna wageni watakaokataa mpaka waonje. Vitu vitamu, maandazi na kashata, viache.

Kuhusu nguvu yake, watu wanadanganywa na udogo wa glasi. Mililita 30 za jini ya asilimia 40 ni mililita 12 za kilevi halisi. Campari ya asilimia 25 inaongeza 7 na nusu, vermuti ya asilimia 15 inaongeza 4 na nusu. Jumla 24, karibu sawa na bia ya nusu lita yenye asilimia 5, isipokuwa hii inaisha kwa dakika 20. Mwili wa mtu mzima unahitaji saa 2 na zaidi kuisafisha glasi 1, na kahawa au kuoga maji baridi hakuharakishi. Kwa anayeingia shifti ya alfajiri kwenye mgodi unaopima pombe getini, aliyekunywa glasi 3 na kumaliza saa 5 usiku bado anaweza kuwa na kitu mwilini saa 11 alfajiri. Siku za kazi, basi, glasi 1 kabla ya chakula, au Americano: mililita 30 za Campari, 30 za vermuti, barafu nyingi na maji ya soda hadi juu, ambayo ina nusu ya kilevi na kwa joto la huku mimi naipenda kuliko Negroni yenyewe.

Kwa wasiokunywa kabisa, iwe kwa dini, kwa ujauzito au kwa sababu ndio wanaoendesha gari, msiwape soda ya chungwa wakati wenzao wameshika glasi nyekundu. Chemsha konzi 1 ya rosela kavu, ambayo wengine huiita choya, kwenye nusu lita ya maji pamoja na kijiti cha mdalasini na ganda la chungwa. Iache ipoe, chuja, tia sukari kidogo kuliko unavyotia kwenye juisi ya kawaida. Jaza glasi barafu, mimina rosela hadi nusu, kisha toniki, ambayo ina kwinini ya kipimo cha kiwandani na ndiyo inayoleta uchungu. Ganda la chungwa libanwe vilevile. Toniki iingie mwisho na ikorogwe mara moja tu, mapovu yasiishe.